Jiwe Linalokwenda Polepole: Nilivyochagua Mota ya Mashine ya Kunolea

Kila anayetaka kujiundia mashine ya kunolea ya jiwe la maji, yaani jiwe la duara linalozunguka likiwa limelowa, huanza na swali lile lile: nitafute mota ya nguvu gani? Siku hizi jibu langu ni kwamba mota ifikiriwe mwisho. Kwanza ujue jiwe lako lina kipenyo gani, uso wake unatakiwa kupita kwa kasi gani, na mkono wako hubonyeza kwa uzito gani. Ukishayajua hayo matatu, mota inajichagua yenyewe, na mara nyingi inakuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Grainda ya kawaida ya mezani yenye jiwe la milimita 150 huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Ukipiga hesabu, uso wa jiwe unapita mbele ya chuma kwa mita 22 hivi kila sekunde. Kwa kusawazisha kichwa cha bolti au kuondoa kutu, kasi hiyo ni nzuri sana. Kwa patasi au kisu ni hatari, maana ncha ya makali ni nyembamba na joto halina pa kukimbilia. Chuma cha kaboni huanza kugeuka njano kama majani makavu karibu nyuzi 220 za Selsiasi, kisha kahawia, kisha zambarau, hadi buluu karibu nyuzi 300. Ukishaona buluu, ugumu umeondoka. Unaweza kukinoa chuma hicho vizuri unavyotaka na makali hayatakaa, mpaka usage sehemu yote iliyobadilika rangi.

Jiwe la polepole linalopita kwenye maji huondoa tatizo hilo kabisa, kwa sababu maji yako palepale makali yanapogusa jiwe. Kampuni ya Tormek ya Sweden, iliyoanza mwaka 1973, imejijengea jina kwa mashine za namna hiyo: jiwe la milimita 250, mizunguko 90 hivi kwa dakika. Mara 3.14 mara 0.25 mara 90, unapata mita 70 kwa dakika, yaani mita 1.2 tu kwa sekunde. Ndiyo kasi niliyoilenga.

Nilitaka kuelewa kwa nini iwe hapo na si mara mbili yake, kwa kuwa jiwe likienda haraka zaidi linakata haraka zaidi. Nikafunga jiwe moja kwenye shafti na kulizungusha kwa puli za ukubwa tofauti, nikiangalia maji. Karibu na mizunguko 90 maji yanabaki kama utando juu ya jiwe, na ukiweka patasi unaona wimbi dogo likipanda juu ya makali. Ukizidi 120 matone yanaanza kutoka pembeni. Ukikaribia 200 unalowa kifua, na makali yanabaki karibu makavu. Hesabu inaeleza vizuri jambo hili. Kwenye jiwe la milimita 250 linalozunguka mara 90, nguvu inayotaka kulirusha tone nje inakaribiana na uzito wa tone lenyewe. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Kwa hiyo kikomo cha juu kinawekwa na maji, mota haihusiki.

Sasa mkono. Hapa ndipo watu wengi hukisia, na makisio yao huwa makubwa mno. Nilichukua patasi nikaibonyeza juu ya mizani kwa nguvu ile ile ninayotumia kwenye jiwe. Ikasoma kati ya kilo tatu na tano. Kisha nikataka kujua jiwe linakwama kwa kiasi gani chini ya mzigo huo. Nikazungushia kamba ukingoni mwa jiwe, nikafunga mizani ya ndoano, nikavuta taratibu huku mwenzangu akibonyeza patasi juu ya jiwe lililolowa. Mvuto ulikuwa kama kilo tatu, yaani niutoni 30 hivi. Zidisha kwa nusu kipenyo, milimita 125, unapata nguvu ya kuzungusha isiyofika niutoni-mita 4. Zidisha zile niutoni 30 kwa kasi ya mita 1.2 kwa sekunde, unapata wati 36.

Wati thelathini na sita! Hiyo ndiyo kazi inayofanyika kwenye jiwe. Kwa bapa pana la randa, au mtu mwenye haraka anayeegemea kwa mwili wote, iwe mara mbili. Ongeza kinachopotea kwenye mkanda na beringi, ongeza akiba, na bado mota ya wati 120 inaweza, ya wati 180 inatosha kwa raha. Nimeona watu wakifunga mota ya nguvu farasi moja, wati 746, kwenye jiwe la maji. Haina kosa, ila ni nzito, inachukua nafasi, na siku kidole kikibanwa kati ya jiwe na egemeo haitasita hata kidogo.

Lakini wati pekee hazielezi habari yote, na hapa ningependa tukae kidogo. Jiwe la milimita 250 lenye unene wa milimita 50 lina uzito wa kilo tano hivi. Likizunguka mara 2,850 kwa dakika, linabeba ndani yake nishati ya juli 1,700 hivi. Ukibonyeza ghafla, jiwe lenyewe linaisaidia mota. Jiwe hilo hilo likizunguka mara 90 linabeba juli zisizofika 2. Hakuna msaada wowote hapo. Kila unachobonyeza kinabebwa na mota muda huo huo, kuanzia mguso wa kwanza hadi unapoinua mkono. Kwa hiyo mota ya jiwe la polepole inapaswa kuwa na nguvu ya kuzungusha iliyo thabiti, isiyobadilika mzigo unapoongezeka. Mota inayokwenda vizuri ikiwa tupu na kulegea ikiguswa haifai, hata kama wati zake ni nyingi.

Kwa sababu hiyo mota ya mashine ya kisasa ya kufulia nguo, ile yenye brashi za kaboni (vipande vinavyosugua shafti kuipelekea umeme), niliijaribu na nikaiweka kando. Inavutia kwa kuwa inapatikana kirahisi na ina nguvu. Ila imeundwa kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ukiipunguza kwa swichi ya kawaida ya kupunguzia umeme, inakwenda polepole ikiwa tupu. Ukigusa jiwe inasimama, ukiachia inaruka mbio. Ndani ya mashine yake ya asili kuna kijenereta kidogo nyuma ya shafti kinachoiambia bodi ya umeme mwendo ulivyo, na bodi inaongeza umeme mzigo ukija. Ukiwa na bodi inayosoma kile kijenereta, mota hiyo inashika mwendo vizuri. Bado utabaki na kelele, vumbi la kaboni, na feni yake iliyofungwa kwenye shafti ile ile: ukiipeleka polepole feni nayo inakwenda polepole, na mota inapika koili zake. Drili ya mkononi iliyobanwa mezani ni ya ukoo huo huo. Kwa kunoa kisu kimoja inavumilia. Kwa patasi zilizojaa sanduku, harufu itakwambia uache.

Kuna pia wanaochukua mota ya feni au ya pampu na kuifunga swichi ya kupunguzia mwanga wa taa. Mota ya induksheni, isiyo na brashi, haifuati volti kwa mwendo wake. Inafuata hezi za umeme, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde, na idadi ya ncha za sumaku zilizosukwa ndani. Kwa umeme wa hezi 50, mota ya ncha nne inalenga mizunguko 1,500, na ikibeba mzigo inakaa 1,400 hadi 1,450. Ya ncha sita inalenga 1,000 na kukaa 900 na kitu. Kwa hezi 60 zile za ncha nne zinakaa 1,725 hivi. Ukipunguza volti, mwendo unashuka kidogo tu huku nguvu ikianguka sana na joto likipanda. Na kama ndani kuna swichi ya mrusho inayokata koili ya kuwashia, mwendo ukishuka vya kutosha swichi hiyo inarudi, na ile koili nyembamba inaungua. Mota za feni ndogo zenye pete ya shaba kwenye ncha, hata bila kuzipunguza, zina nguvu ndogo sana ya kuanza. Ziache zipulize hewa.

Tabia hiyo ya mota ya induksheni kukataa kupunguzwa ndiyo iliyonifanya niipende. Inashika mwendo wake. Bonyeza, achia, bonyeza tena, inashuka kidogo sana ambacho sikio halisikii. Kinachobaki ni kuipunguza kwa puli au gia, na huko kila kinachopungua kwenye mwendo kinaongezeka kwenye nguvu ya kuzungusha. Mota ya wati 180 inayozunguka mara 1,400 ina niutoni-mita 1.2 tu kwenye shafti yake. Ipunguze mara kumi na tano, na kwenye jiwe unapata kumi na nane kabla ya kutoa kinachopotea njiani, wakati mkono unahitaji nne. Ukipunguza mwendo kwa umeme hupati faida hiyo, unabaki na ile ile 1.2 au chini yake.

Kabla sijafika kwenye mashine yenyewe, niseme neno jema juu ya mota ya wipa ya gari, kwa kuwa watu huidharau. Ni ya volti 12, ina gia ya mnyoo (skrubu inayozungusha gurudumu la meno) ndani tayari, na ina mwendo wa aina mbili kwa sababu ya brashi ya tatu. Nyingi ni karibu mizunguko 45 na 65 kwa dakika. Kwa jiwe la milimita 250, mwendo wa pili unakupa mita 51 kwa dakika: pungufu ya lengo, lakini jiwe linakata na maji yanatulia. Na kufanya kazi karibu na maji kwa volti 12 kunatuliza moyo. Unahitaji chanzo cha umeme kinachoweza kutoa ampea 10 bila kulalamika. Angalia waya zake kwa makini, kwa kuwa nyingi hurudisha umeme kupitia mwili wenyewe wa mota, na kuna waya wa kuirudisha wipa mahali pake pa kupumzika ambao hapa hauna kazi. Usilifunge jiwe moja kwa moja kwenye shafti yake fupi. Jiwe liwe na shafti yake na beringi zake mbili, kisha uiunganishe na mota kwa kipande cha mpira mzito, kusudi gia ya ndani, ambayo mara nyingi ni ya plastiki, isibebe uzito wa jiwe. Kwa mtu anayenoa visu vya jikoni na patasi chache, ningemwambia aanze hapo. Ukinoa muda mrefu mfululizo inapata moto, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kutobaki nayo.

Mota ya mashine ya mazoezi ya kukimbilia ina nguvu nyingi, lakini inataka bodi yake, imepangiwa mwendo mkubwa, na feni yake ina shida ile ile. Mota ya fezi tatu pamoja na invata ni jambo zuri kwa anayeweza kuvipata vyote viwili: unaingiza fezi moja, yaani umeme wa kawaida wa nyumbani, invata inatoa tatu, na unageuza mwendo kwa kitufe. Hata hivyo usitegemee invata peke yake ikuteremshe hadi 90. Hiyo ni hezi 3 au kidogo zaidi, mahali ambapo nguvu haina uhakika na feni karibu imesimama. Punguza kwa mkanda kwanza, invata ibaki ya kurekebisha. Usiifunge kwenye mota ya fezi moja yenye kapasita (kile kidude kinachohifadhi umeme kidogo kuisaidia mota kuzunguka), haikuundwa kwa hiyo.

Nilichotumia mwishowe ni mota ya induksheni ya wati 180, ncha nne, yenye kapasita inayobaki kwenye kazi muda wote. Mota za aina hiyo husemwa vibaya kwa kuwa ni dhaifu wakati wa kuanza. Kwa jiwe la polepole udhaifu huo hauna maana, kwani kupitia upunguzaji wa mara kumi na tano, uzito wa jiwe unaonekana kwa mota mdogo zaidi ya mara mia mbili. Inaanza bila kusita, mradi hujaweka chuma juu ya jiwe. Na haina swichi ya mrusho ya kuharibika.

Upunguzaji ndio ulionipa kazi zaidi ya kitu kingine chochote. Kutoka 1,400 hadi 90 ni mara kumi na tano na nusu. Kwa mkanda wa kawaida wa V, ukiweka puli ya milimita 40 kwenye mota, ya pili ingehitaji milimita 620, ukubwa wa tairi. Kuna njia ya hatua mbili, 40 kwa 160 na tena 40 kwa 160, inayotoa mara kumi na sita kamili. Tatizo ni kwamba mkanda wa V wa ukubwa A haupendi kukunjwa kwenye puli iliyo chini ya milimita 75 hivi. Unapoteza nguvu, unapata moto, unateleza.

Jibu lilikuwa ndani ya mashine ile ile ya kufulia ambayo mota yake niliikataa. Ile puli kubwa nyepesi ya nyuma ya pipa, na ule mkanda mwembamba wenye mifereji mingi midogo, vimeundwa kwa kazi hii hasa. Mkanda wa mifereji unajikunja kwenye puli ya milimita 20 bila taabu. Puli kubwa niliyopata ina kipenyo cha milimita 290, na nikachongewa puli ya milimita 20 yenye mifereji, yenye tundu la milimita 11 kwa ajili ya shafti ya mota. Mara kumi na nne na nusu kwa hatua moja; jiwe linazunguka mara 96, uso wake unapita mita 75 kwa dakika. Nguvu inayovuta mkanda ninaponoa ni kama niutoni 26 tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuukaza mpaka beringi zilie. Mota yenyewe nimeining'iniza kwenye bawaba, na uzito wake ndio unaoukaza mkanda. Nikibana chuma vibaya, mkanda unateleza kabla kitu hakijavunjika.

Ukibahatika kupata mota iliyounganishwa na giaboksi ya mnyoo ya moja kwa kumi na tano, ichukue, ni nadhifu zaidi na inakaa chini ya meza bila kelele. Giaboksi hizo hula sehemu ya nguvu na kuigeuza joto, lakini tulishaona kwamba nguvu ipo ya akiba.

Kwenye kibao cha mota nasoma mambo mawili kabla ya yote. Alama S1 inamaanisha imekubaliwa kufanya kazi mfululizo. Alama ya IP54 au zaidi inamaanisha vumbi na maji ya kurushwa hayataingia kirahisi. Mota yenye matundu wazi, hata iwe nzuri namna gani, siiweki karibu na beseni la maji ya jiwe. Na popote ilipo, isiwe chini ya beseni: mota yangu iko nyuma, juu kidogo ya usawa wa maji, na kati yake na jiwe kuna ukuta wa bati. Kwenye shafti ya jiwe nimevalisha pete ya mpira, maji yanayotambaa kuelekea kwenye beringi yanafika hapo na kudondoka. Waya unateremka chini ya kiwango cha mota kisha unapanda kuingia, ili tone likifuata waya liishie kwenye mkunjo. Mwili wa mota na fremu vimefungwa waya wa ardhi, na umeme unapita kwenye swichi inayokata ukivuja kwa miliampea 30. Kwa volti za ukutani na mikono iliyolowa, mambo haya hayana mjadala.

Mota ya kapasita ya aina hii huwa na joto hata ikizunguka bure. Usiogope ukiigusa ukaona huwezi kuiwekea mkono muda mrefu. Koili za daraja B zimepangiwa nyuzi 130, za daraja F nyuzi 155. Harufu ya vanishi ndiyo ya kuogopa.

Swichi ya kugeuza mwelekeo niliiongeza baadaye, na sasa siwezi kuiacha. Jiwe likija kuelekea makali linakata haraka na kuacha mkwaruzo safi. Likikimbia kutoka kwenye makali linakata taratibu, lakini mkono unatulia, na ndiyo njia pekee inayofaa gurudumu la ngozi la kusuguliwa mwisho, kwani ngozi ikija kuelekea makali, makali huzama ndani yake na kuichana. Mota ya kapasita ya koili mbili zinazofanana hugeuzwa kwa kuhamisha waya wa umeme kutoka upande mmoja wa kapasita kwenda upande mwingine. Iache isimame kabisa kwanza. Nati inayobana jiwe iwe na nati ya pili ya kuifunga, kwani upande mmoja utaikaza na upande mwingine utaifungua.

Jiwe nalo linaisha. Nililianza na milimita 250, na likifika 200 uso wake utakuwa unapita mita 60 tu kwa dakika kwa mizunguko ile ile 96. Hapo bado linakata. Likishuka hadi 180 nitabadilisha ile puli ndogo, niweke ya milimita 25 badala ya 20: jiwe litazunguka mara 120 hivi, uso utarudi mita 68, na kwa jiwe dogo namna hiyo maji bado yatakaa. Puli hiyo nimekwisha kuichongesha pamoja na ile ya kwanza, ipo ndani ya droo chini ya mashine.